Kesi ya Vénant na Vénant

Jumatatu saa tatu asubuhi, Afande Ezira wa kituo kidogo cha polisi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, aliweka fomu ya kesi mezani, akaifuta vumbi kwa kiganja, akamuuliza Vénant majina yake yote. Vénant aliketi kwenye benchi, plasta ya dripu bado mkononi, akajibu kwa adabu. Ijumaa iliyopita alijaribu kujiua akashindwa, na kushindwa huko hakukumshangaza yeyote anayemfahamu. Alishashindwa kufuga kuku, akashindwa kuuza vocha za simu, akashindwa na ile kozi ya kutengeneza sabuni ambayo hata mzee mmoja asiyeona aliifaulu. "Unaona, hata hili," alimwambia mkewe Adélaïde kule kliniki, na Adélaïde akalia huku akimpiga begani.

Aliyemuokoa ni jirani yake Kabanda, Mkongomani wa Uvira. Kabanda alikimbilia polisi kwa sababu polisi ndio wenye gari. Gari lilikuja kweli, likampeleka Vénant kliniki, likamngoja huko mpaka akaweza kusimama, kisha likamleta kituoni. Afande alieleza kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai.

"Mi nilitafuta motokari, afande," Kabanda alisema. "Kesi sikutafuta."

"Gari na kesi inatembea pamoja," afande akamjibu, bila ubaya wowote.

Shida ilikuwa fomu. Ilitaka jina la mshtakiwa, na chini yake jina la mlalamikaji, yaani yule aliyetendewa kosa. "Hapa iko mtu moja tu," Afande Ezira alisema. "Mimi nataka mbili." Wakubwa walishamrudishia fomu ya namna hiyo mwaka jana, na ilimletea maneno. Akatoka nje kutafuta mtandao ili ampigie mkuu wake. Aliporudi, kwenye benchi walikuwa wameketi Vénant wawili, bega kwa bega, kila mmoja na plasta yake. Afande akashusha pumzi, akaketi, akachukua kalamu.

"Nani alifanya?"

Wote wawili wakanyoosha mkono.

"Nani alifanyiwa?"

Wakanyoosha tena.

"Musinisumbue. Wewe karibu na mlango, wewe mlalamikaji. Wewe ingine, toa viatu."

Yule wa karibu na mlango aliona aibu kwa bahati yake. Tangu azaliwe hakuwahi kukaa upande mzuri wa benchi lolote.

Chanzo cha yote kilikuwa cherehani. Siku ya uhakiki wa wanaostahili chakula cha msaada, dada mmoja wa ofisi ya chakula alipita nyumba kwa nyumba, akakuta cherehani kwenye kona ya Vénant. Ilikuwa ya mama mmoja wa kanisani, aliyeiacha pale akienda Kikagate kutafuta maisha. Vénant, kwa kupenda sifa, hakusema kwamba si yake. Tena aliipangusa vizuri mgeni alipobisha hodi. Akaandikwa kundi la tatu, kundi la wanaojitegemea, wasiopewa chakula tena. Alirudi kwenye dawati la malalamiko mara tisa kueleza upumbavu wake, na mara tisa akaambiwa jina lake litaangaliwa. Mara ya tisa alifika nyumbani akamkuta Adélaïde anachemsha maji matupu, ili majirani waone moshi. Hapo moyo wake ulichoka kabisa.

Wiki tatu baadaye kesi ilisikilizwa Mbarara. Mshtakiwa alipelekwa na gari la polisi, mlalamikaji na Adélaïde wakaenda kwa teksi wakiwa wamebanana na matoke. Hakimu alikuwa mama mpole mwenye miwani. Alimuuliza mlalamikaji kama anamfahamu mshtakiwa.

"Namfahamu sana, mheshimiwa. Si mtu mbaya. Ila kila anachoshika kinaharibika."

"Unaiomba mahakama nini?"

"Nimemsamehe. Naomba arudi nyumbani."

Hakimu alisema msamaha ni jambo jema, ila kesi ni ya serikali, si yake. Akamgeukia mshtakiwa, akamuuliza kwa nini alifanya vile.

"Mheshimiwa, sisi tuko kundi la tatu, na hiyo cherehani..."

Mwendesha mashtaka alisimama, akakumbusha kwamba sababu si sehemu ya kosa. Hakimu aliangalia faili, akaona ni kweli, akafunga kalamu. Alitoa miezi sita. Kisha akamwambia mlalamikaji kwa upole, "Aliyetaka kukuua amefungwa. Nenda nyumbani, sasa uko salama." Mlalamikaji akashukuru, kwani mbele ya hakimu hakujua kusema lingine.

Nje, Adélaïde alijifunga kitenge upya. "Sasa mimi narudi na nani?"

"Na mimi."

"Na ule?"

"Ule ni mimi pia."

"Basi wangeniachia angalau ule mwenye akili," Adélaïde alisema, wakaenda kutafuta teksi.

Jela walikula posho, ule ugali wa Uganda, na maharage kila siku, kwa saa zilizopangwa. Nyumbani, Vénant aliye salama alifunga mkanda tundu la tatu, kisha la nne. Mwezi wa pili wa kifungo alikwenda kumtembelea mwenzake, mikono mitupu. Mshtakiwa alitoka na mashavu yaliyojaa, akashindwa kumtazama usoni.

"Unisamehe," alisema. "Wanatupikia."

"Hata mimi ningekula."

Mshtakiwa akachomoa kwenye mkono wa shati kibonge cha posho alichokificha tangu asubuhi. Askari jela akakiona, akakitwaa. Chakula cha wageni kinaingia, alieleza, ila cha jela hakitoki.

Mshtakiwa alipoachiliwa, wote watatu walikwenda ofisi ya chakula. Karani alitazama kadi, akawatazama, akauliza mume ni yupi.

"Wote," Adélaïde alisema.

"Kuna jambo gani limebadilika nyumbani tangu uhakiki?"

"Alijaribu kujiua."

"Yupi?"

"Huyu. Na huyu."

Karani alitafuta kwenye kompyuta mahali pa kuandika jambo hilo, akakosa, akasema pole. Mahali pa kuandika wanaume palikuwepo. Akaandika wawili, wenye nguvu za kufanya kazi, mmoja mwenye afya nzuri sana. Nyumba ya namna hiyo, alisema, haiwezi kutoka kundi la tatu.

Jioni Adélaïde alipika muhogo wa watu wawili, akaugawa kwa watatu. Mnene alisukuma kipande chake kwa mwembamba. "Kula. Mimi nilishakula miezi sita." Mwembamba akakirudisha. "Wewe umetoka jela." Kipande kilikwenda na kurudi hivyo mpaka Adélaïde akakichukua akakila mwenyewe, maana ndiye aliyelima.

"Mimi niliogopa nitakula peke yangu," aliwaambia. "Kuleni."

Wakala wote watatu, na chakula hakikutosha.