Habari za Kishárs

Wapare wanasifika kwa ubahili, na Elieshi hakuwahi kuukana. Alibana sukari, alibana umeme, alibana hata miguu yake, hakuacha kiti kimpite bila kukikalia. Kitu kimoja tu hakujua kukibana, nacho ni salamu. Ndiyo iliyomponza.

Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao, na siku ya kwanza kwa Mzee Dezso, pale Peckham, Landani, lifti ilikuwa mbovu. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, akaingia magoti yakimuuma, akamwamkia kama ambavyo angemwamkia mzee yeyote wa kwao, ila kwa Kiingereza: "Umeamkaje, mzee wangu? Na nyumbani, hawajambo?" Alitarajia ajibiwe hawajambo, basi, yeye akoroge uji. Lakini mzee alikuwa Mhungaria aliyekimbia kwao mwaka wa hamsini na sita, mapinduzi yaliposhindwa, angali kijana, na tangu hapo hakuna mtu Landani aliyewahi kumuuliza kama nyumbani hawajambo. Akaweka miwani yake vizuri, akajibu. Nyumba kwa nyumba.

Ikawa ndiyo desturi yao, miaka mitatu sasa. Kijiji kinaitwa Kishárs: barabara moja, kanisa juu, kijito chini. Mzee alianzia juu. Kwa Weisz wa dukani hawajambo, watoto wanagombania kukaa kwenye ngazi. Kwa seremala Mjerumani hawajambo, anatengeneza kabati la bibi harusi. Alisema hivyo kila asubuhi, kana kwamba ametoka huko jana.

Yaliyobaki aliyasema kidogo kidogo, akiulizwa. Akina Weisz, kwa kuwa ni Wayahudi, walipandishwa treni wakati wa vita, hakurudi hata mtoto. Vita ilipokwisha wakapandishwa treni Wajerumani, kila familia na furushi lake, ingawa mababu wa mababu zao walizaliwa palepale. Kisha serikali mpya ikataka mashamba yawe ya pamoja. Hapo Elieshi aliguna, maana habari za operesheni ya vijiji vya ujamaa alizisikia kwa baba yake. Kisha vijana wakavuka mpaka. Kisha shule ikafungwa, basi likaacha kupita. Kishárs nzima ilibaki na mtu mmoja, Etelka, dada yake Dezso, pamoja na kuku wake. Nyumba yake ndiyo ya mwisho, kule kijitoni, naye alipiga simu kila Jumapili. Mzee alipofika hapo alinyanyua kidevu. "Kwa Etelka, moshi unatoka."

"Tunashukuru Mungu," Elieshi alimjibu, ndipo mzee alipokubali kula.

Alimpenda, lakini alichoka. Alipewa nusu saa tu, na mgonjwa mwingine alikuwa akimngoja mtaa mwingine. Zilikuwepo asubuhi alizotamani ardhi ikimeze kijiji chote na kanisa lake, ili awahi basi.

Jumanne moja, akiwa ndani ya basi kuelekea kwa mzee, alipigiwa simu na Anne, binti wa mzee. Shangazi Etelka amefariki. Mtu wa kijiji cha jirani alikwenda kununua mayai, akamkuta. "Tafadhali usimwambie baba. Moyo wake hauwezi. Nakuja Jumamosi."

Elieshi aliahidi, na ahadi ikamkaa vibaya. Kwao mfiwa hafichwi msiba wake. Mtu hulishwa kwanza, huketishwa, kisha wazee humwambia. Sasa hapa wazee wa kumwambia ni akina nani? Tena akimuuliza za nyumbani, ataambiwa moshi unatoka, na itampasa kushukuru Mungu. Hilo hakuliweza.

Basi akaingia akilalamikia mvua, akalalamikia lifti, akapika mbiombio, akamlisha. Safari hii mzee hakuingoja salamu, alikula mpaka uji ukaisha.

"Leo hujaniuliza kama nyumbani hawajambo."

"Nimechelewa, mzee wangu."

"Umechelewa mara nyingi. Umekuja na homa, ukauliza. Mama yako alipozikwa ukatazama mazishi kwenye simu, hapo mlangoni pangu. Ukafuta macho, ukaingia, ukauliza."

Elieshi akanyanyua bakuli tupu, akalirudisha palepale.

"Ni Etelka?"

Aliahidi kutomwambia, kumdanganya hakuahidi. Alikaa kitandani karibu naye, akamshika mkono. "Pole sana, baba."

Mzee hakulia. Alivua miwani yake, akaikunja. Simu ya Elieshi ikatetemeka mfukoni, ikaachwa itetemeke.

"Basi kijiji kimekwisha," mzee alisema. Kisha akamgeukia. "Na kwenu, Elieshi? Nyumbani hawajambo?"

Miaka yote hiyo mzee hakuwahi kumuuliza. Elieshi alifungua kinywa aseme hawajambo, kama adabu inavyotaka, na neno likagoma.

"Nianzie wapi?"

"Anzia juu."

Akaanzia juu mlimani kwao, penye kanisa. Kwa Mchomvu wamehamia Dar es Salaam, pamefungwa. Kwa Msuya yuko bibi mmoja, haoni vizuri. Kwa Mrutu pamefungwa, paa limeng'olewa. Akateremka hivyo hivyo, akishangaa mwenyewe jinsi milango iliyo wazi ilivyo michache, mpaka akafika kwa mama yake, penye mgomba wa mwisho kabla ya mfereji.

"Moshi?" mzee akauliza taratibu.

"Hautoki," alisema Elieshi, na aliyelia akawa yeye.