Frida Arudi Kwenye Dawati

Frida alipomwambia mumewe kwamba anaomba kusoma shahada ya pili ya uchumi, Methusela alidhani ni wazo la kupita. Mkewe alikuwa amefundisha jiografia miaka mingi kabla ya kuhamia ofisi ya mipango pale Dodoma. Tangu biashara ya mazao iachiwe watu binafsi, kila akitoka ziarani vijijini, Mlali au Haneti, alirudi na maswali. Mbona mkulima anauza mahindi kwa bei ya kutupa, na mjini hayashikiki? Mkuu wake alimjibu kwamba soko huria ndivyo lilivyo. Frida hakuridhika.

Chuo kikuu kikamjibu: sifa anazo, ila hana hisabati ya kidato cha sita. Aifaulu kwanza, ndipo aombe tena.

"Basi, yameishia hapo," Methusela alisema kwa upole.

"Ndiyo kwanza yanaanza, Baba Aneth," Frida akamjibu, huku anachambua mlenda.

Akajiandikisha masomo ya jioni kule Nkuhungu, pamoja na vijana waliokuwa wakirudia mtihani. Habari zikafika stesheni ya reli, alikofanya kazi Methusela.

"Shemeji karudi fomu faivu?" Batholomeo, mkata tiketi, alimtania. "Mnunulie sketi ya shule basi!"

Wote wakaangua kicheko. Methusela naye alicheka, lakini moyoni aliungua.

Jioni moja wingu lilitanda, akachukua mwavuli kwenda kumpokea. Alipochungulia dirishani alimwona Frida ubaoni, chaki mkononi. Aliyekuwa akifundisha ni Lameck, kijana ambaye Frida mwenyewe alimfundisha zamani. Hesabu ilikuwa imempotea Frida katikati, na Lameck hakujua pa kuuweka uso wake.

"Mwalimu, hapa... tuseme umekaribia."

"Lameck, nimepata au nimekosa?"

"Umekosa, mwalimu."

"Basi weka kosa, halafu unieleze upya. Ukinionea haya utanifelisha."

Lameck akaweka kosa, akaeleza. Frida akakosea tena. Kijana mmoja wa nyuma akashindwa kujizuia, akacheka. Frida akageuka, akacheka pamoja naye, kisha akafuta na kuanza upya, hadi jibu likatoka.

Mvua ilikuwa imeanza kumlowesha Methusela, na mwavuli ulikuwa bado umefungwa. Yeye aliwahi kufeli mtihani wa kupandishwa cheo, asirudie tena kwa kuogopa macho ya makarani wadogo. Leo alikuwa akimtazama mwanamke aliyesimama mbele ya macho hayohayo bila kutetereka.

Njiani akamwambia, "Siku za masomo nitapika mimi."

"Wewe? Ugali wako una madonge."

"Watoto watazoea."

Wakazoea. Frida akafanya mtihani, akapata D, nayo ikatosha. Akaomba tena, na safari hii akachaguliwa.

Siku ya Frida kuondoka kwenda chuoni, Methusela alikataa wapagazi. Alibeba mwenyewe sanduku la mkewe hadi ndani ya behewa, akalisukuma chini ya kiti, kisha akawageukia abiria asiowajua hata mmoja.

"Huyu ni mke wangu," akawaambia. "Anakwenda kusoma uchumi, shahada ya pili."

Mzee mmoja akaitikia kwa kichwa, mama mwenye kikapu akasogea ili Frida akae vizuri. Frida aliona haya, akamvuta mumewe shati.

"Baba Aneth, shuka bwana, treni inaondoka!"