Damu ya Shahidi

Katika majeshi yote duniani, jemedari ndiye hutangulia vitani. Jemedari wetu alikuwa fundi wa maabara, na adui pekee aliyemkimbia mbio za swala alikuwa sindano. Jina hilo tukufu alipewa na shemeji yake, mke wa kaka yake, siku alipozirai kwa kutazama tu mkono wa mtu mwingine ukichomwa.

Shemeji ndiye aliyemtafutia kazi. Yeye aliwatoa watu damu chumba cha mbele. Jemedari aliipokea chumba cha ndani, ikishazungushwa mashineni hadi wekundu ukazama na maji ya manjano yakabaki juu. Humo alitia vichembe vya chuma vidogo mno, visivyoonekana kimoja kimoja, vilivyovikwa nyuzi za kunasa vipande vya vinasaba ambavyo seli za saratani hudondosha katika damu. Kisha aliuweka mrija kando ya sumaku. Vichembe vikakimbilia ukutani na kuganda kama kutu, kila kimoja na windo lake. Windo likapelekwa kwenye mashine ya kusoma. Mstari ukilala, watu hupumua. Ukiinuka, mkuu wa maabara huvua miwani.

Asubuhi hiyo mkuu wa maabara alivua miwani.

"Mstari wa shahidi umeinuka," alisema taratibu. "Nimerudia kwa mikono yangu. Umeinuka tena."

Maabara ile ilikuwa na desturi yake. Damu za wagonjwa zilipimwa pamoja na damu ya mtu mwenye afya, iliyoitwa shahidi. Mstari wake ulipolala, ilijulikana kwamba vifaa havikuchafuka. Shahidi alikuwa mfanyakazi yeyote, kwa zamu. Na zamu hii ilikuwa ya Jemedari.

Wote wakamtazama kama watu wanavyotazama jeneza likipita. Naye, Mungu amsamehe, moyoni alipumua. Kwa maana damu ile haikuwa yake. Alimdanganya mkuu kwamba Shemeji amekwisha kumchoma, akamdanganya Shemeji kwamba mkuu amemchoma, kisha akafungua jokofu, akachukua mrija uliobaki wa zamu iliyopita, akaubandika jina lake. Ujanja safi kabisa. Alijicheka peke yake siku nzima.

Kisha akakumbuka zamu iliyopita ilikuwa ya nani.

Mlango ulifunguliwa, Shemeji akaingia mbio, hata glavu hajavua.

"Wamenambia," alisema, akajitahidi kutabasamu. "Usiogope, Jemedari. Nyie wanaume mkipata mafua tu mnagawa urithi. Na ukifa, watoto wangu watamsumbua baba mdogo gani?"

"Sifi, shem."

"Ndiyo hivyo! Hufi bila ruhusa yangu."

Sauti yake ilikatika katikati ya mzaha. Jemedari hakuweza kumtazama usoni, akateremsha macho, na hapo akaiona pini. Sketi ya Shemeji ilikuwa imebanwa kiunoni kwa pini. Mwezi uliopita yeye mwenyewe ndiye aliyemtania: unajikondesha umpendeze nani, na kaka ameshakuoa? Shemeji alicheka, akasema chakula hakimpandi siku hizi. Mzaha ule sasa ulimrudia.

"Lakini zamu iliyopita shahidi alikuwa safi," Jemedari alimwambia mkuu, akitafuta pa kushika.

"Zamu iliyopita tulitumia vichembe vya zamani. Hivi vipya vinanasa alama ambazo vile haviwezi kunasa." Mkuu alisafisha miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Tusitishane bure. Tutakutoa damu nyingine sasa hivi. Ikiwa safi, tutasema mrija ulichafuka, tuusahau."

Tuusahau! Jemedari alikalishwa kitini. Shemeji akamfunga mpira juu ya kiwiko, midomo yake ikinong'ona dua. Kwa mara ya kwanza maishani, sindano ilikuwa imekuja kumwokoa. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Damu yake ingetoka safi, watu wangepiga makofi, hakuna ambaye angemfukuza kazi. Na Shemeji angerudi nyumbani kwa furaha, apike, aogeshe watoto, na ile pini izidi kuibana sketi wiki baada ya wiki.

Ncha ilimgusa ngozi.

"Shem, ngoja."

"Fumba macho, itapita."

"Damu ile si yangu."

Mkono wa Shemeji ukasimama. "Ya nani?"

"Niliogopa kuchomwa. Nikachukua iliyobaki kwenye jokofu. Ile ya zamu yako."

Shemeji alicheka kidogo. "Jemedari, kila utani una siku yake." Kisha akamwona usoni. Kicheko kikafa. Vidole vyake vikaenda kiunoni, vikaishika pini, vikabaki hapo.

Jokofu lilinguruma.

"Alama si hukumu," mkuu alisema hatimaye. "Vichembe hivi vimetengenezwa vituambie mapema. Tutapima tena, kisha utaonwa na daktari leo leo. Wewe," alimgeukia Jemedari, "tutazungumza."

"Kumgombeza baadaye," Shemeji alisema kwa sauti ndogo. "Angenyamaza, je?" Akakaa, akakunja mkono wa shati. "Kaka yako nitamwambia mwenyewe. Sawa?"

"Sawa, shem."

"Nishike basi, mwizi wa damu wewe. Na usinizirailie hapa."

Akamshika. Mkuu alichoma. Jemedari alitazama sindano ikiingia, damu ikapanda mrijani, chumba kikayumba kama kinataka kumwangusha, lakini hakuanguka. Mpira ulikuwa bado umemkaza mkono wake mwingine.

"Na shahidi?" mkuu aliuliza.

"Ni mimi," alisema. "Nichome."

Baadaye mirija miwili ilisimama bega kwa bega kando ya sumaku. Vichembe vikaanza kukimbilia ukutani.

"Wangu upi?" Shemeji aliuliza.

Alimwonyesha. Naye Shemeji hakuuachia mkono wake.