Jina Alilolibeba Kumu Radisav

"Kaa chini, Stamena, utatoboa sakafu," mama mkwe aliniambia, bila kuacha kukanda unga.

Sikukaa. Nilikwenda dirishani, nikarudi jikoni, nikaenda tena. Mwanangu alikuwa amepelekwa kubatizwa kanisani, kule bondeni, nami sikuruhusiwa kutoka mpaka arobaini itimie. Wawili waliomtangulia tuliwazika kabla hawajaota meno. Kijiji kizima kilijua kuwa wameliwa na wachawi, na kwamba wachawi huogopa mnyama mmoja tu. Ndiyo maana mtoto anayezaliwa baada ya misiba kama ile huitwa Vuk, yaani mbwa-mwitu.

Lakini kwetu mzazi hachagui jina. Anayechagua ni kumu, baba wa ubatizo, na kumwomba jina ni kumvunjia heshima. Kumu wetu alikuwa Radisav, ambaye mdogo wake aliraruliwa na mbwa-mwitu mlimani. Tangu baridi ya mwaka ule hakuwahi kulitamka neno hilo. Alisema "yule" tu.

Nami nilimwomba, siku tatu kabla, mbele ya mume wangu, Milun.

"Kumu, nipe Vuk."

Radisav aliweka chini glasi yake ya rakia, akachukua kofia, akaondoka. Milun akanigeukia, uso umemsawijika.

"Umetuumbua, mwanamke! Sasa hata akimwita Punda, itabidi tushukuru."

Nimezeeka sasa, nimezaa wengine wanne, lakini hofu kama ya mchana ule wa ubatizo sijaipata tena. Niliwaona wakipanda kilima. Milun alikuwa mbele, ananikwepa macho. Nyuma yake alikuja kumu, mtoto kifuani, maana jina mama hulisikia kwa kumu mwenyewe, anapokabidhiwa mtoto.

Radisav alisimama kizingitini.

"Ulinipa asiye na jina," alianza, kama desturi inavyotaka, "nakurudishia..."

Akakwama. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Mama mkwe aliacha unga wake. Nilitamani kumtikisa yule mzee mpaka limtoke.

"Vuk," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, na machozi yakamdondokea mtoto kwenye blanketi.

Nilimpokea mwanangu. Nilimwonea Radisav huruma, Mungu shahidi yangu, na bado sauti ile ndogo haikunitosha.

"Rudia, kumu," nikamwambia. "Kwa nguvu. Wachawi wasikie."