Kiporo cha Mababu

Sijawahi kulewa maishani mwangu. Nalisema mapema kwa sababu shemeji yangu Tae-gyu ametangaza kinyume chake mpaka kwa wauza samaki wa mji wetu wa Andong, hapa Korea.

Mimi ndiye mke wa kifungua mimba wa nyumba ya akina Pyo. Mume wangu alifariki, lakini kazi haikufa naye. Mababu wote wa ukoo huu wanategemea mikono yangu kwa chakula na kwa pombe ya mchele inayomiminwa mbele yao siku za matambiko. Pombe hiyo naipika mimi. Nainamia mitungi nasikiliza povu, kisha nateremsha kijiti cha kiberiti kinachowaka. Kikizimika, bado inachacha. Kikiendelea kuwaka, iko tayari. Kuionja ni kazi ya mama mkwe, ambaye kapita themanini na hajawahi kuikataa kazi hiyo.

Mwaka huu nilipokwenda kupima afya nikaambiwa ini langu lina mafuta, na damu ikaonyesha kwamba huenda limeanza kupata makovu. Hospitalini wakasema hakuna haja ya kukimbilia kunichoma sindano na kukata kipande cha ini. Ipo mashine inayogongagonga ubavuni na kupima ini limekakamaa kiasi gani. Sharti lao lilikuwa moja tu, nisile kitu asubuhi hiyo.

Siku waliyonipangia ikaangukia siku yangu ya kuzaliwa. Kulipopambazuka mama mkwe alikuwa amekwisha kupika supu ya mwani kwa nyama ya ng'ombe, na wali pembeni, akakaa mbele yangu anitazame nikila. Mwanamke gani wa nyumba hii angeisukuma supu ya siku ya kuzaliwa aliyopikiwa na mama mkwe? Nilikula yote. Hospitalini muuguzi akaniuliza kama sijala, nikamwambia sijala. Kusema kweli kungekuwa kumsema mama mkwe kwa watu wa nje, na mimi sikulelewa hivyo.

Mashine ikatoa kumi na tatu. Tae-gyu, aliyenipeleka kwa gari lake, alikuwa amesimama pale pale daktari aliposema ni kubwa. Kabla jua halijazama ukoo mzima ulikuwa na habari: ini la shemeji limekauka kwa pombe, ndiyo maana mitungi hupungua. Akapendekeza kwamba siku ya Chuseok, tukikusanyika kwa sikukuu ya mavuno, ufunguo wa chumba cha pombe apewe mke wake. Mke wake, ambaye hata kimchi, kabichi ya kuchachusha ya kila siku, ananunua dukani.

Nilikasirika sana. Katika nyumba ile kubwa yote, chumba kile ndicho kitu pekee kilicho changu.

Nilirudi hospitali peke yangu, kwa basi. Daktari Noh, binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, hakunizunguka. Aliniuliza tena kama nilikula siku ile, na safari hii nikamwambia ukweli.

"Mama, ukila, damu inajaa kwenye ini, linakakamaa," alisema. "Ile kumi na tatu ni ya ini lako pamoja na supu. Turudie."

"Na ikija ile ile, ndiyo itakuwa imesema mimi mlevi?"

"Mashine inapima ugumu na mafuta. Haijui ulikunywa nini. Hebu niambie wewe, unakula nini?"

Nikamwambia. Chakula cha meza ya mababu hakitupwi. Tambiko likiisha, wageni huonja kidogo kwa adabu, wakaenda zao, na mimi nabaki na keki za mchele, vitumbua vya asali na samaki wa kukaanga, nala siku baada ya siku mpaka viishe. Kabla havijaisha sawasawa, tambiko lingine hilo. Nimefanya hivyo tangu nilipoolewa.

"Basi mafuta yametoka huko," alisema Daktari Noh.

Asubuhi ya kipimo cha pili mama mkwe akaniletea uji. Nikaurudisha kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Nitakula nikirudi, mama."

Alinikazia macho. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Nikavaa viatu nikatoka, moyo ukinidunda kuliko siku ya harusi yangu.

Ilitoka nane na kidogo. Daktari alisema makovu huenda yapo, ila si mengi, na ini linaweza kupata nafuu nikilitendea haki: nipunguze mafuta na vitamu, nitembee, nirudi kupimwa mwakani.

Siku ya Chuseok, tulipomaliza kuwainamia mababu, Tae-gyu alisafisha koo akaanza habari ya ufunguo. Nikamkatiza. Nikawaeleza wote habari ya supu, ya vipimo viwili, na ya mahali mafuta yalikotoka. Akauliza, huku akitabasamu, kama si pombe, mitungi inapunguzwa na nani.

"Na mimi," alisema mama mkwe kutoka pembeni. "Naionja. Mnataka na ini langu lipimwe?"

Hakuna aliyetaka. Nikaenda jikoni nikarudi na masanduku ya chakula cha tambiko niliyoyafunga kwa vitambaa tangu alfajiri, moja kwa kila nyumba, mazito.

"Babu zenu wamekaa kwenye ini langu miaka yote hii," nikawaambia. "Leo kila mtu anaondoka na fungu lake, na atalila mpaka liishe. Mimi nabaki na ufunguo."

Tae-gyu aliinua kifuniko cha lake, akaona vitumbua vinavyong'aa kwa mafuta, akakifunika tena.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "mimi daktari kanikataza vitu hivi."

"Hata mimi," nikamwambia, nikamwekea sanduku mapajani.