Mahali Alipolala Lonzo Mims

Asubuhi ya Jumanne moja mwishoni mwa Februari, Arzula Mims alifunika sufuria ya kunde kwa kitambaa safi, akapanga mikate ya mahindi ndani ya beseni, akaketi kwenye baraza ya nyuma kungoja gari la kuwapelekea chakula wachomaji wa nyasi. Moto ulikuwa umekwisha kuwashwa katika nyasi za chini ya misonobari ya shamba la Whitlow, na moshi wake ulipanda wima, dalili kwamba upepo ulikuwa na adabu siku hiyo. Gari halikuja. Mpwa wake Tyree, kiongozi wa wachomaji, alimpigia simu kumwarifu kwamba lilikuwa limekwama topeni kwenye kijito. Arzula akavipakia vyombo katika kigari chake mwenyewe, akaenda.

Hakuwa na mazoea ya kuingia katika msitu ule. Mumewe, Lonzo, alikuwa mchomaji hapo zamani za ujana wao, na siku moja ya kuchoma hakurudi nyumbani. Siku ya tatu yake Bwana Sikes, msimamizi wa shamba, alifika mlangoni, akavua kofia, akasema kwamba alimwona Lonzo akipanda basi la kwenda Detroit, tena hakuwa peke yake. Arzula alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Aliigeuza picha ya harusi ikatazama ukuta. Kwa zaidi ya miaka arobaini hakulitamka jina la mumewe, na alipolazimika kumtaja alisema "yule wa Detroit." Kanisani akina mama walimwombea pamoja na wengine walioachwa, naye aliitikia amina akiwa ameuma meno.

Aliliegesha gari langoni. Kofia za wachomaji zilikuwa zimetundikwa juu ya nguzo za ua, kila nguzo na kofia yake, kama ilivyokuwa desturi ya mahali pale tangu enzi za babu zao. Aingiaye motoni huiacha kofia yake, atokaye huichukua. Kofia ikibaki, mtu amebaki, na lango halifungwi.

"Shangazi, umekuja mwenyewe?" Tyree alisema alipomwona akiteremka na sufuria kichwani. "Basi leo mbingu zitashuka."

"Na zishuke na sahani, maana sahani mmezisahau kwangu tangu mwaka juzi."

Kijana mmoja aliyeitwa Dewitt alifunua sufuria, akachungulia. "Mama, kunde hizi zina nyama, au nyama ilipita tu karibu na jiko?"

"Nyama nimewawekea wafanyao kazi. Wewe kula kunde."

Wakacheka, wakaketi kwenye ardhi iliyokwisha kuungua, wakala. Mbele yao moto ulikuwa ukiteremka kilima polepole, ukikabili upepo, kimo chake hakikupita goti. Moto wa namna hiyo haumkimbizi hata kobe. Panapoungua leo, nyasi laini huchipua kabla mwezi haujaandama tena. Kulungu huja kula machipukizi, na bata mzinga wa mwituni huwaleta vifaranga wao kudonoa wadudu mahali ambapo mbweha hana kichaka cha kujificha. Nyuma yao huja wageni wa Bwana Whitlow na bunduki zao.

Moto ulipofika chini ya kilima ulijigawa sehemu mbili, kama waumini wanaopisha jeneza, ukapita kando kando, ukakutana tena upande wa pili, ukaendelea na safari yake. Nyuma yake pakabaki kipande cha nyasi kisichoungua. Wachomaji hawakuinua vichwa.

"Pale pana nini?" Arzula aliuliza.

"Pale ni Kitandani," Tyree alijibu, mkate mdomoni. "Hapaungui. Mimi nilipoanza kazi nilipakuta hivyo hivyo. Labda pana maji chini."

Arzula aliweka mwiko, akaenda kutazama.

Nyasi zile zilikuwa na umbo la mtu aliyelala kwa ubavu. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjwa chini ya kichwa. Magoti yalikuwa yamepandishwa kidogo, na wayo wa kulia umepinduka nje, kama wa mtu aliyevunjwa kifundo na nyumbu utotoni na asipate mganga hodari wa mifupa. Mabega yalikuwa mapana kuliko kiasi cha urefu. Kati ya magoti na kifua palikuwa na nafasi tupu, nyeusi kwa majivu, ambamo mwanamke mwembamba angeweza kuenea akijikunja vizuri. Arzula aliitazama nafasi ile kwa muda mrefu. Alikuwa amelala ndani yake kwa muda wa miezi kumi na mmoja.

"Huyu ni Lonzo," alisema.

Wachomaji walikuwa wamekusanyika nyuma yake. "Yule wa Detroit?" Tyree aliuliza.

"Hakuna wa Detroit. Dewitt, ondoa mguu, umemkanyaga mkono."

Dewitt aliondoa mguu wake. "Niwie radhi, mzee," aliziambia nyasi.

"Si mzee huyo," Arzula alisema. "Ana miaka ishirini na minne. Ni mdogo kwako."

Alibaki amekaa kando yake mpaka alasiri. Bata mzinga walitoka mbele ya moshi, madume wakiwa na vidari vilivyong'aa kama shaba, wakaparura majivu yaliyokuwa bado na joto. Walipolifikia lile umbo walifuatana mstari mmoja, wakalizunguka kuanzia kichwani hadi miguuni, wakaendelea kuparura ng'ambo.

Kesho yake alikwenda kumwona Mzee Purvis Gadson, wa mwisho aliyesalia hai katika wachomaji wa zama za Lonzo. Purvis alikuwa amekaa kwenye kiti cha kubembea nyumbani kwa binti yake, blanketi miguuni. Alipomwona Arzula anafungua kijilango aliacha kubembea.

"Umepaona," alisema.

"Nimepaona. Nieleze."

"Wageni walikuwa wanakuja na gari moshi la Ijumaa," Purvis alianza. "Sikes akataka msitu wote uwe tayari. Desturi unaijua: unawasha kwanza upande mmoja, moto unaokabili upepo, utembee taratibu, mpaka pawe na kinga. Sikes akasema hakuna wakati. Akawasha pande zote mbili kwa wakati mmoja. Lonzo alikuwa ndani, amebeba kijinga cha moto. Upepo ukageuka."

"Na lango mkalifunga."

"Tulitazama nguzo, bibie. Kofia ya Lonzo haikuwapo. Tukasema, huyu kijana ana mke mpya, amewahi nyumbani. Hata tukacheka. Tukafunga."

Arzula alikuwa ametoka mjini, binti wa mfanyakazi wa reli, na mwaka ule hakuwa amezijua bado desturi za wachomaji. Mchana wa siku ile alipeleka chakula langoni, akaikuta kofia ya mumewe nguzoni, utepe wake umefumuka, akaona haya kwamba watu watasema Lonzo hana mke wa kumshonea. Miaka ilipopita akaijua desturi, lakini haikumjia akilini kuiunganisha na kofia ile, kwa kuwa mtu aliyeonekana akipanda basi hawezi kuwa amebaki motoni.

"Niliichukua mimi," alisema hatimaye. "Utepe ulikuwa umefumuka."

Purvis aliitazama mikono yake. Pembeni, binti yake aliyekuwa akianua nguo aliingia ndani bila kumaliza.

"Uliushona?" mzee aliuliza.

"Niliushona."

"Ulifanya vyema," Purvis alisema.

"Sikes alijua lini?"

"Kesho yake. Alirudi na trekta peke yake. Tulipouliza, akasema anachimba kinga ya moto. Sasa wewe nieleze, mtu anachimbaje kinga ya moto katikati ya mahali palipokwisha kuungua?"

"Na nyinyi mkanyamaza."

"Watoto wangu sita walikuwa wanalala ndani ya nyumba ya Whitlow, wanakula katika duka la Whitlow," Purvis alisema. "Sikes alipoleta hadithi ya basi, nilimsikia. Nilikusikia na wewe unalia. Nikaenda kulisha nyumbu."

Jumapili hiyo Arzula alivaa nguo nyeusi, na kanisani walimwita mjane kwa mara ya kwanza. Akina mama walimpisha kwenye benchi la mbele. Mchungaji alimtoa katika maombi ya walioachwa, akamtia katika maombi ya waliofiwa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Nyumbani aliigeuza picha ya harusi. Lonzo alikuwa amefifia kwa kutazama ukuta, isipokuwa macho.

Sasa alikuwa na haja moja tu: kumtoa mumewe kule na kumzika katika uwanja wa kanisa, chini ya jiwe lenye jina. Alikwenda kwa Bwana Whitlow wa sasa, mwana wa yule wa zamani, mtu mpole aliyesomea misitu. Alimkaribisha kitini, akampa kahawa kwa mkono wake. Hakubisha. Alisema kwamba hata marehemu baba yake, kila walipowinda upande ule, alikuwa akimshika mkono na kumzungusha mbali na chini ya kilima.

"Nasikitika sana, Bi Arzula," alisema.

"Sikuja kuchukua masikitiko, bwana. Nimekuja kuomba ruhusa ya majembe."

Bwana Whitlow alimweleza kwa upole kwamba kuchimba kutamleta mkuu wa polisi, na mkuu wa polisi atawaleta watu wa magazeti, na msimu wa kuwinda bata mzinga unafunguliwa baada ya wiki chache. Wageni walikuwa wamekwisha kualikwa. Angoje msimu upite. Msimu ulipopita, likawa shauri la mwanasheria wa shamba. Mwanasheria aliandika kwamba ardhi ni ya shamba pamoja na vyote vilivyomo. Mkuu wa polisi, aliyempenda Arzula kwa mikate yake, alivua kofia mlangoni kama alivyovua Sikes, akamwambia kwamba nyasi zisizoungua si maiti, na kwamba mtu aliyeshuhudiwa akipanda basi huhesabiwa kuwa amepanda.

"Aliyeshuhudia amekufa," Arzula alisema.

"Ndiyo maana siwezi kumhoji, mama."

Mwezi wa Mei trekta ililima chini ya kilima, ikaanzia kichwani ikaishia miguuni, na pakapandwa ndago zenye vijinjugu mizizini, maana bata mzinga huzipenda kuliko mahindi. Tyree ndiye aliyepewa kazi hiyo. Alikwenda kwanza kwa shangazi yake, akasimama jikoni akikunja na kukunjua kofia yake.

"Nikikataa watampa Dewitt," alisema.

"Una watoto wangapi, Tyree?"

"Wanne, shangazi."

"Basi lima," Arzula alisema. "Lakini usilime kwa kina."

Shamba huchomwa kila mwaka wa pili. Zamu ilipofika tena, ndago zilikuwa zimekauka chini ya kilima, zimechanganyika na magugu, kuni tosha kwa moto wowote. Arzula alikuja mapema, akasimama karibu na mpwa wake. Moto uliteremka kwa adabu, ukafika penye ndago, ukajigawa, ukapita, ukakutana ng'ambo. Walingoja moshi upungue, kisha wakasogea.

"Amegeuka," Tyree alisema.

Ilikuwa kweli. Mwaka juzi alilalia ubavu wa kushoto. Sasa alilalia wa kulia, na mkono wa kulia ndio uliokuwa chini ya kichwa.

"Ule mwingine ulikuwa umekufa ganzi," Arzula alisema. "Kila mara ilikuwa hivyo. Alikuwa akiniamsha nimsugue."

Alipiga magoti, akausugua mkono wa kushoto, kuanzia begani mpaka kwenye vidole, ingawa zilikuwa nyasi na magugu tu na zilimkwaruza. Wachomaji walisubiri. Alipoona inatosha alijipangusa majivu.

Juu ya kilima lilitokea gari la wazi la Bwana Whitlow. Alikuwa akiwaonyesha wageni mahali ambapo bata mzinga wangekuja msimu ukifunguliwa. Alimwona Arzula, akavua kofia kwa heshima, akapiga honi ndogo ya kuomba njia. Arzula aliinuka, akapita mbali kidogo na miguu ya mumewe, asije akamgusa akamwamsha, akasimama kando. Gari likateremka, likapita katikati ya lile umbo, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa karibu.