Ncha za Yai la Kukunja

Mwanangu ana miaka mitano, na nje ya nyumba yetu alikuwa anazungumza na mtu mmoja tu: mpishi wa mgahawa wa Kijapani ulio chini ya darasa langu la ushonaji la jioni. Nyumbani ni kasuku. Tukivuka kizingiti, mdomo unafungwa kama umeshonwa, na mimi ni fundi cherehani, mshono imara naujua. Daktari alimtazama masikio na koo, akasema ni mzima, tumpe muda. Lakini shule inafunguliwa mwezi ujao, na mwalimu aliyemwandikisha aliniuliza kwa upole, "Sasa mama, akibanwa na haja atamwambia nani?"

Swali hilo nilikuwa nikiliogopa tangu mwaka jana, ndiyo maana sikukosa Jumatano hata moja. Saa kumi na moja, nikishamchukua kwa dada yangu, tulipanda viti virefu vya kaunta mbele ya jiko. Mpishi alikuwa Mjapani mzee aliyejua Kiswahili cha kutosha kututania. Alipika yai kwenye kikaango cha mraba, akilikunja tabaka juu ya tabaka mpaka likawa kama mto mdogo wa kulalia, kisha akakata ncha zake mbili, ambazo haziendi mezani kwa sababu hazijanyooka. Ncha hizo zilikuwa za mwanangu, kwa sharti moja. Mzee aliinua kisu, akasubiri. Nikitaka kumjibia mtoto, mzee aliniambia, "Mama, wewe kula wali."

Jumatano ya kwanza alisubiri mpaka chai yangu ikapoa. Jumatano ya tano ikatoka sauti ndogo: "Nipe ncha, Babu." Nililia palepale, nikaisingizia ile pilipili ya kijani inayopanda puani.

Mwaka ukapita hivyo. Kisha Babu akauza mgahawa, akarudi kwao kuishi karibu na binti yake.

Mwenye mgahawa mpya alikuwa mama wa makamo, zamani muuza vifaa vya ofisi. Mwezi haukuisha kila kitu kikawa kimebandikwa karatasi: CHUMVI, MLANGO, hata SABUNI juu ya sabuni. Kaunta nayo ilibandikwa: INAONDOKA.

"Hapo linakuja friji la soda," dada anayehudumu meza alininong'oneza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mimi mwenyeji hata homa haijashuka. Bado kunibandika na mimi."

Yai sasa lilitoka kiwandani ndani ya boksi, vipande sita vilivyolingana kama sabuni za hotelini. Mwanangu alivigeuza kimoja kimoja, akatazama chini yake, akaweka chini vijiti vyake vya kulia. Hakula. Jumatano iliyofuata hakula tena, na nyumbani usiku, badala ya kunisimulia siku yake, alilala akitazama ukuta. Nilihisi kama mtu aliyefuma sweta mwaka mzima, akaona uzi umeanza kuchomoka.

Jumatano ya tatu nilikaribia kutokwenda. Yeye ndiye aliyeleta viatu.

Mgahawa ulikuwa mtupu, mpishi mpya huingia saa kumi na mbili. Mwenye mgahawa mwenyewe ndiye aliyetuletea sahani, na alipoona mtoto hali, alitoa daftari lake.

"Mteja wangu mdogo hali. Kasoro ni nini? Niambieni niandike."

Aliinua kalamu, akasubiri. Aliinua kalamu vilevile Babu alivyokuwa akiinua kisu. Nilishafungua mdomo. Nikakumbuka, nikaujaza wali, kijiko kizima, mashavu yakanivimba kama ya panya aliyefika ghalani. Yule mama alinitazama, akamtazama mtoto. Wala hakuharakisha.

"Halina ncha," mwanangu akasema.

"Halina nini, mwanangu?"

"Ncha. Babu alikuwa ananipa. Hili ni katikati tu."

Mama yule aliandika, *ncha*, akapiga mstari chini yake. Kisha akafunga daftari, akaenda nyuma ya kaunta, akavuta kikaango cha mraba. Kilikuwa kimejaa kalamu, na pembeni kimebandikwa karatasi: KALAMU.

"Kumbe hiki ni cha yai!" akasema. "Mimi nikadhani ni trei."

Akakiosha, akavunja mayai. Mkunjo wa kwanza ulishika chini ukachanika. Wa pili akaumwagia yai juu yake, likawa uji. Mwanangu alipiga magoti juu ya kiti, tumbo juu ya kaunta.

"Sio juu! Linyanyue. Yai jingine lipite chini yake, ndio shuka lake la kulalia. Likiiva, unalikunja mpaka kwako, halafu unalisukuma likalale kule mbele. Halafu mafuta tena. Umesahau mafuta, bibi."

"Bibi nani? Mimi shangazi."

"Umesahau mafuta, shangazi."

Dada wa meza alisimama na trei yake, kinywa wazi. Mimi nilikuwa bado natafuna, maana nilikuwa nikimeza nachota tena.

Yai lililotoka lilikuwa limepinda kama soksi, na lilipowekwa ubaoni likakatika katikati. Mwenye mgahawa akaguna. Lakini mwanangu alihesabu kwa kidole, akacheka kwa sauti ile ya nyumbani kabisa.

"Ncha nne!"

Walikula mbili mbili. Kisha yule mama akakwangua kwa kucha ile karatasi ya INAONDOKA, ikatoka nusunusu, akaifinya mkononi. Akachukua karatasi mpya, akaandika, akaibandika kwenye mgongo wa kiti kirefu: KIMESHIKWA, JUMATANO.

Mwanangu hajui kusoma bado. Aliiangalia, kisha akaniangalia mimi, kama kawaida yake. Nikainamia bakuli.

Akageuka upande wa pili. "Shangazi, umeandika nini?"

Sikujibu mimi. Nilikuwa nakula wali.